Asali Iliyochemshwa

Mama yangu alikuwa na kidole chenye kazi yake maalumu, kidole kidogo cha mkono wa kulia. Mtaani kwetu Ujiji, mtoto akizaliwa tu, mtu anatumwa kuja kumwita. Mama ananawa, anajifunga kanga, anachukua kichupa chake cha asali, anatoka. Huko anampakata mtoto, anasema Bismillahi, anachovya kile kidole na kumsugua mtoto kwenye kaakaa taratibu. Kumlambisha, ndivyo tulivyosema. Nasikia wengine hulambisha kwa tende, lakini sisi tende tulikuwa tunaziona Ramadhani tu. Asali ilikuwepo mwaka mzima, inatoka porini huko Kibondo na Uvinza, inafika Mwandiga kwenye chupa za soda.

Walimwita yeye kwa sababu watu waliamini kwamba mtoto huchukua ulimi wa aliyemlambisha, na mama hakuwa na mtu aliyegombana naye. Mimi je? Mimi nililambishwa na shangazi, dada wa baba, mwanamke aliyeweza kugombana hata na ndoo. "Siku hiyo nilikuwa hoi kitandani," mama alipenda kusema kila nilipofoka. "Ningekuwa na nguvu ningekimbia na wewe. Sasa ona, nimezaa pilipili."

Tulicheka sana kwa maneno hayo. Siku hizi nikiyakumbuka sicheki, maana mama alikufa bila kumpakata tena mwanangu wa kwanza, na aliyemzuia ni mimi, kwa mdomo wangu huuhuu.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu nayo imo. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, Buzebazeba, ambako nimeolewa. Kipindupindu kilipotusumbua, nilizunguka nyumba kwa nyumba na kipaza sauti hadi koo likaota kutu. Chemsheni maji ya ziwa. Chemsheni maji ya bomba pia. Vijiko vya watoto, chemsheni. Watoto wa mtaani wakiniona tu wanapiga kelele, "Chemsha! Chemsha!" na kukimbia. Nilikuwa naenda hadi Ujiji kwa mama, naye namkalisha chini namfundisha kama mgeni. Ananitazama hivi, mkono shavuni, anasema, "Haya mwalimu, na chumvi nayo nichemshe?" Lakini alichemsha. Nikienda kumtembelea nilikuta sufuria la maji jikoni limefunikwa sahani, juu ya sahani ameweka jiwe ili paka asiguse. Mama yangu alinitii mimi, mtoto aliyemzaa.

Nilipojifungua binti yangu, mama alikuja na kichupa. Nilimkatalia mlangoni kabisa. Nikamwambia miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Akakirudisha kichupa kwenye pindo la kanga. "Basi," akasema, "na huyu atakuwa pilipili." Akampakata mjukuu wake mikono mitupu, akamnong'oneza mambo yao. Alikuwa anaimba kwa pua, wimbo hauna maneno, na mtoto alikuwa akilala hata kabla hajafika mwisho.

Wiki ya sita nilipata jipu kwenye titi. Anayelijua atanielewa, na asiyelijua Mungu asimjulishe. Nilipasuliwa, homa ikapanda, maziwa yakakauka upande mmoja na upande wa pili yakawa ya kudondoka. Pale hospitali wakasema mtoto aongezewe maziwa ya kopo, wakanionyesha namna ya kuyatengeneza, kwa kikombe na kijiko. Mimi niliyewahubiria wanawake wa kata nzima nikarudi nyumbani na kopo mkononi nimelifunika kwa kanga, kana kwamba nimeiba.

Nililifuata kopo lile kwa adabu zote. Maji yachemke yatokote, unga ukorogwe yakiwa bado ya moto sana, kisha kikombe kipozwe kwenye bakuli la maji baridi. Yakibaki, mwaga. Kijiko cha kupimia kisiingie kimelowa. Mama alihamia kwangu kunisaidia, na yote hayo aliyashika kunizidi mimi. Kazi ilikuwa mtoto mwenyewe. Alikuwa anafunga mdomo, anageuza uso, maziwa yanamwagikia shingoni. Tulikuwa tunambembeleza saa nzima kwa kikombe kimoja.

Siku moja, mtoto ana miezi miwili kasoro kidogo, mama akaniuliza, "Hivi, kama amekula unga wa kiwandani, asali ya Mungu ina kosa gani?" Nilikuwa na maumivu, nikamjibu mkato kwamba sitaki kusikia habari za asali. Akaendelea kupangusa kikombe.

Baada ya hapo mtoto akaanza kula. Kila nikitoka kwenda kusafishwa kidonda, nikirudi nakuta kikombe kitupu na mtoto amelala. Nilifurahi jamani! Nilimwambia mama ana mikono ya baraka. Akacheka, akaangalia pembeni.

Mtoto alianza kuumwa kwa kukosa choo. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama akamkanda tumbo kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa la mchikichi, na mimi nikasema ni mabadiliko ya maziwa tu. Siku ya nne kilio kikapungua, kikawa kama cha paka mdogo aliyefungiwa chumba cha mbali. Kope zikalegea, akawa ananitazama kwa macho nusu, hata usingizi sio. Nilipomwinua, kichwa kikaanguka nyuma kwenye kiganja changu kama cha mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo. Homa hakuna. Nilisubiri homa, maana homa naijua. Kulegea bila homa sikukujua.

Wifi yangu, aliyekuja kutusalimia, akashika kiuno. "Mimi nilisema. Ni hayo maziwa ya kopo! Mnamlisha mtoto vumbi." Nikachukua mtoto, nikachukua na kopo lenyewe, mama akachukua chupa ya chai yenye maji ya moto, tukaenda hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mama mmoja mfupi, mpole, mgeni mkoani. Alimpima mtoto muda mrefu. Alimmulika machoni, akamsikiliza, akamtazama anavyojaribu kunyonya kidole chake na kushindwa. Kisha akaniuliza habari za kopo: lilifunguliwa lini, linawekwa wapi, maji yanachemshwa vipi. Nikamjibu kama ninatoa somo. Akakubali. Akasema unga wa maziwa si kitu kisicho na vijidudu kabisa, ndiyo maana ya maji ya moto, lakini anaona nimefuata. Halafu akauliza, kwa sauti ileile ya kawaida, "Amelambishwa asali?"

"Hapana, daktari," nikasema. Tena nilinyoosha shingo. "Mimi ni mhudumu wa afya."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ile chupa ya chai. Akasema, "Nimemlambisha."

Nikageuka.

"Kidogo tu, kwenye kijiko, ili apende maziwa. Lakini nilichemsha." Alikuwa anamwambia daktari, ila macho yalikuwa kwangu. "Nilichemsha, mwanangu. Nilichemsha mpaka ikatoa povu."

Daktari hakumgombeza. Alimwita "mama," akamwambia polepole kwamba kuna kijidudu cha udongoni ambacho mbegu zake huweza kukaa ndani ya asali, na mbegu hizo haziogopi maji yanayochemka. Ugonjwa wenyewe unaitwa botulizimu. Mtu mzima akizila zinapita tu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, utumbo wake bado haujakomaa, zinachipua humo, zinatoa sumu, na sumu hiyo inalegeza misuli, kuanzia ya macho na ya kumeza mpaka ya kupumua. Aliposema ya kupumua, mimi sikusikia tena kilichofuata.

Nilichosema nakikumbuka neno kwa neno, na wodi nzima ilisikia. Nilisema, "Umeniulia mtoto. Usimguse tena mwanangu! Umesikia? Mikono yako isimguse tena."

Mama akaweka chupa ya chai chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka. Akaingiza mikono yake miwili ndani ya kanga.

Mtoto alilazwa zaidi ya wiki tatu. Dawa ya kuvunja sumu yenyewe haikupatikana, daktari akasema kazi yetu ni kumbeba tu mpaka mwili ujitengeneze. Alisimamisha sindano moja iliyokuwa imeanzishwa, akasema inaweza kuzidisha ulegevu. Maziwa yakapita kwenye mrija wa puani, oksijeni ikawekwa, na mimi nikakaa nahesabu kifua kinavyopanda na kushuka. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nakifanya. Kikichelewa kupanda, na mimi sipumui.

Kila mchana mama alikuja kwa miguu na chakula changu, ugali na migebuka ya kukaanga, au wali na dagaa waliolala kwenye mawese jinsi ninavyopenda. Alikiweka kwenye kizingiti cha wodi, akamwomba muuguzi aniletee, akaondoka. Nilikula. Hilo nalo lazima niliseme. Nilikula chakula chake kila siku na sikumwita ndani hata siku moja.

Siku ya kumi na tisa mtoto alilia. Kilio hasa, cha hasira, cha pilipili mwenzangu, kwa sababu muuguzi alivuta plasta ya mrija. Sijawahi kusikia kitu kitamu hivyo duniani. Nikainua uso, na dirishani nikamwona mama amekaa kwenye benchi la nje, bakuli limefungwa kitambaa mapajani, analia. Alikuwa amesikia. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na mikono iko ndani ya kanga, hata kujifuta machozi hajifuti. Kutoka kitandani hadi pale ni hatua kumi. Nilizitazama hatua hizo, nikarudi kumtazama mtoto.

Tukapona. Nasema tukapona kwa maana ya mtoto. Shingo ikarudi, macho yakafunguka, akanenepa, akaanza kutambaa. Mama alirudi kwake Ujiji. Alikuwa anakuja kututembelea siku za Jumapili, analeta dagaa, analeta sabuni ya mawese, anauliza hali, anakaa mkekani karibu na mlango. Mikono ndani ya kanga. Mtoto alikuwa anamtambalia, anashika goti lake, anajivuta asimame, anamtazama usoni na kumcheka. Mama alikuwa anaimba ule wimbo wake wa puani. Kisha ananitazama mimi.

Alikuwa anasubiri neno moja tu. Mpakate. Basi. Silabi nne.

Na mimi nilikuwa nalo mdomoni, wallahi nilikuwa nalo. Hasira ilishaisha zamani. Lakini nilitaka aombe kwanza, aseme nisamehe, ili na mimi niseme yamekwisha. Hakuomba. Nafikiri kwa upande wake aliona alishasema yote: nilichemsha. Basi mimi nageukia sufuria, nakoroga mboga isiyohitaji kukorogwa, na mtoto anachoka kusimama, anakaa chini. Jumapili ngapi hizo? Miaka miwili na zaidi.

Majirani wa Ujiji waliniambia kwamba alikuwa amekataa kazi yake ya kidole. Wakimwita, anawaambia, "Siku hizi sishiki vichanga." Hakuwaambia sababu, wala hakunisema vibaya kwa mtu yeyote.

Alikufa kwa presha, asubuhi, akiwa anafagia uwanja. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Nilipokuwa napanga vyombo vyake na ndugu zangu, nilikuta nyuma ya ndoo kisufuria kidogo cha mpini mmoja ambacho aliondoka nacho kwangu baada ya ule ugonjwa. Chini kilikuwa cheusi, kimeshika kitu kigumu kinachong'aa. Nikakikwangua kwa ukucha, nikaonja. Asali iliyoungua. Alikuwa ameichemsha hadi imegandia. Dada yangu akaniuliza nalia nini, mbona ni kisufuria tu.

Nilidhani hapo nimefika mwisho wa jambo hili. Mwaka huu mwanzoni, simu ya mkononi ikaniletea habari kwamba katika nchi za mbali kuna maziwa ya unga ya watoto yaliyoondolewa madukani, kwa kuhofiwa yana mdudu huyohuyo wa asali. Si maziwa niliyotumia mimi, na huku hayauzwi. Lakini nilisoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena nikiwa nimekaa. Mbegu zilezile. Kwenye unga. Na maji ya moto yasizifanye kitu.

Nilimtafuta yule daktari, bado yuko mkoani, nikamuuliza kama ilikuwa kopo. Akanikumbuka. Akasema ni jambo adimu sana, kwamba asali ndiyo inayoshukiwa kwanza, na kwamba hata udongo na vumbi la nyumbani vinaweza kuleta. "Lakini ukweli, mama, hatukupima," akasema. "Hatukupima asali, hatukupima kopo. Hatukuwa na uwezo huo. Nilitibu nilichokiona."

Hatukupima. Nilitembea kutoka pale hadi nyumbani na neno hilo. Inawezekana ilikuwa asali. Pengine ndiyo, asali ndiyo yenye rekodi mbaya, na kila siku nawaambia wanawake hivyo na nitaendelea kuwaambia. Lakini siwezi kuapa. Inawezekana ilikuwa kopo nililolichagua mimi, kwa mkono wangu, nikalikoroga kwa adabu zote. Kama ni asali, mama alichemsha. Kama ni unga, nilichemsha mimi. Wote wawili tulifanya lilelile nililohubiri kwa kipaza sauti, na mmoja wetu ndiye aliyefungwa mikono kwa miaka miwili.

Nakukumbuka, mama. Natamani Jumapili moja tu. Natamani ukae hapo mlangoni na dagaa wako, unitanie, "Na chumvi nayo nichemshe?" Ningekuwekea mtoto mapajani kabla hujavua viatu. Sasa ana miaka saba, mzito, miguu ingefika chini, lakini ungempakata hivyohivyo.

Wiki iliyopita nilikuwa na somo la kina mama kliniki. Nilifika kwenye habari za asali: kabla ya mwaka mmoja, usimpe mtoto, hata tone, hata kwenye kijiko, hata ikichemshwa. Kwenye benchi la nyuma alikuwepo bibi mmoja, mwanamke wa Kiha kutoka Mwamgongo, aliyekuja kwa boti na binti yake na mjukuu wa miezi mitatu, mzima, mnene, mkononi mwake. Binti akageuka, akamnyang'anya mtoto. "Umesikia, mama? Na wewe kila siku asali, asali! Ulitaka kuniulia mtoto?"

Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Bibi aliitazama mikono yake iliyobaki mitupu, akaanza kuiingiza ndani ya kanga.

"Subiri!" nikapiga kelele. Kweli nilipiga kelele, hadi muuguzi akatoa kichwa chumba cha pili. Nikapita katikati ya mabenchi nikiwa bado na chaki, nikasimama mbele ya yule binti. Nilimwambia asali imekoma leo na mama yake amesikia kama alivyosikia yeye, na asiyejua jana hana kosa la kufungiwa leo. Nikamwambia, "Mrudishie mama yako mtoto."

Akanitazama kama mwendawazimu.

"Mrudishie, mwanangu. Sasa hivi. Mwambie, mpakate."

Binti akasita, akasema kwa aibu, "Haya, mama. Mpakate." Mikono ya bibi ikatoka ndani ya kanga, mmoja, kisha wa pili, ikampokea mtoto, na yule bibi akaanza kumwimbia kitu kwa Kiha, polepole, kwa pua. Nikarudi ubaoni nimalize somo. Nikashindwa. Niliwapa mgongo wanawake wote wale, chaki mkononi, nikamlilia mama yangu.